Kushuka Gani?

Jumapili, 2 Machi

Kila mwaka mvua zinapoanza huwa najiambia nitaandika hali ya njia za mlimani, maana zikiisha sikumbuki tena ni wapi palioza kwanza. Mwaka huu naandika. Jana alasiri ilinyesha mara moja, kwa pupa, ikaacha. Leo nimepanda hadi mnarani na kurudi. Udongo bado mgumu. Nimekutana na watu wawili na mbwa, na mbwa ndiye aliyenisalimia. Nimekwenda peke yangu, kama ninavyopenda.

Baiskeli yangu ni ya mlimani na ina gia moja. Zamani ilikuwa nazo nyingi. Msimu wa mvua uliopita tope lilikula kile kikono cha nyuma kinachohamisha mnyororo, nikaipeleka kwa fundi tunayemwita Kimya, kwa kuwa hajawahi kunyamaza. Alikiangalia kikono, akakitoa, akatoa na vigurudumu vya meno vyote akabakiza kimoja, akafupisha mnyororo.

"Dada, sasa una gia tatu," akasema. "Kukaa, kusimama, kushuka. Ukichoka kukaa, simama. Ukichoka kusimama, shuka usukume. Ya nne haipo, usije kuniuliza."

Nilidhani ananitania. Mwaka umepita na ya nne sijaiona.

Jumatano, 5 Machi

Mvua tangu alfajiri. Kazini nimevunja lenzi ya miwani ya mteja nikiisaga ukingo iingie kwenye fremu. Nimeanza upya. Mwenyewe alikuwa amekaa kwenye benchi haoni kitu, akadhani kila kitu kinakwenda vizuri.

Jumamosi, 8 Machi

Wifi yangu amehamia kwetu. Ni dada mkubwa wa mume wangu, mshonaji. Nyumba aliyopanga imeuzwa na mnunuzi anataka kuivunja. Mume wangu amesema ni wiki mbili tatu tu, mpaka apate chumba. Niliposaidia kushusha mizigo nikaona amekuja na cherehani ya kukanyaga, meza ya kukatia, marobota ya vitambaa na picha ya mama yao ya ukutani, tayari ina msumari wake. Huo si mzigo wa wiki mbili.

Cherehani imewekwa sebuleni, upande wa pili wa ukuta wa chumba chetu. Wifi ana sauti ya mtu anayeita kutoka ng'ambo ya mto. Mimi namwita wifi, naye ananiita wifi. Neno ni moja kwa wote wawili, ila yeye akilitamka linasikika kama amri.

Jumapili, 9 Machi

Mlimani. Niandike njia vizuri, maana ndiyo shabaha ya daftari hili. Kuna Ngazi, mpando wa mizizi ya misonobari, ambako lazima usimame kwenye pedali tangu chini mpaka juu. Kuna Mgongo, tambarare nyembamba ya kileleni, ambako gia moja inakuwa ndogo na miguu inazunguka bure kama ya bata. Halafu kuna Koo. Koo ni mteremko kati ya kingo mbili za udongo, una kona moja chini, na huoni kilicho nyuma ya kona mpaka umeshafika. Ukiingia umeingia.

Leo Ngazi iliteleza. Koo liko sawa.

Alhamisi, 13 Machi

Cherehani. Cherehani. Cherehani.

Jumamosi, 15 Machi

Jana tukiwa chumbani nilimuuliza mume wangu, "Anaondoka lini?" Sikunong'ona vya kutosha. Upande wa pili wa ukuta cherehani ikanyamaza katikati ya mshono, ikakaa kimya kidogo, ikaendelea. Mume wangu akajifanya anatafuta soksi.

Jumapili, 16 Machi

Asubuhi nilikuwa natia mnyororo mafuta, wifi akatoka na kikombe chake cha chai akasimama juu yangu.

"Unakwenda wapi kila Jumapili?"

"Mlimani."

"Kufanya nini?"

"Kupanda na kurudi."

"Na ukirudi unacheka peke yako. Nimekuona dirishani. Jumapili ijayo nakwenda na mimi, nikaone kinachochekesha."

Nilimwambia sina baiskeli ya pili. Akasema hilo ameshazungumza na Kimya. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sasa mimi nimepewa mgeni mwenye jembe lake.

Jumapili, 23 Machi

Kimya amemuundia wifi baiskeli kutokana na mabaki, nayo ina gia moja kama yangu. Nilitarajia achoke kabla ya misonobari. Nimekosea kabisa. Ana miguu ya cherehani: amekanyaga ule ubao maisha yake yote, na Ngazi kwake ni pindo refu tu la pazia. Kinachomshinda ni uzito wa mwili wa juu na mizizi. Gurudumu likikwama kwenye mzizi yeye anazidi kukanyaga, baiskeli inasimama wima kama farasi. Nilikuwa nampigia kelele nyuma yake, "Shuka, wifi! Shuka!" naye anashuka, anasukuma, anapanda tena, huku akiutukana mzizi kwa adabu.

Koo alikataa. Alifika juu, akatazama, akaegesha baiskeli.

"Hili nawaachia wenye bima."

Mimi nikateremka, yeye akazunguka kwa miguu kupitia njia ya walinzi wa mnara. Nilimsubiri chini. Ilikuwa mara ya kwanza kumsubiri mtu mlimani, na sikuipenda sana.

Jumapili, 30 Machi

Mvua kubwa. Tumekwenda hata hivyo. Ngazi wifi kapanda yote, mimi nimeshuka mara mbili. Amenisubiri juu akiwa ameketi kwenye jiwe kama mama mwenye shughuli.

Kwenye Koo nikamuuliza, "Leo utashuka?"

"Wiki ijayo."

Chakula cha jioni mume wangu, ambaye anafundisha watu udereva na hupenda kila jambo liwe na hesabu, akauliza, "Haya, mmeshuka mara ngapi leo?"

"Mimi sijashuka hata kidogo," akasema wifi. "Yeye ndiye kashuka mara mbili."

"Tatu," nikasema. "Umesahau Koo."

"Koo nimehesabu wapi? Nahesabu Ngazi."

"Sasa hapo anashuka au anapanda?" akauliza mume wangu.

"Anashuka akipanda," akasema wifi. "Na akishuka hashuki."

Mume wangu akaweka kijiko chini. Akasema kwake yeye kushuka ni kazi ya abiria, na hana habari na mengine. Wifi akasema kwake yeye shuka ni kitambaa cha kitandani, na ana oda ya mashuka ya nyumba ya wageni ambayo haijaanza kukatwa, kwa hiyo tumwache ale. Tulicheka mpaka chai ikapoa. Sijawahi kumsikia akicheka bila kumcheka mtu.

Alhamisi, 3 Aprili

Mashuka meupe sebule nzima. Nimepita kwa kuchungulia.

Jumapili, 6 Aprili

"Leo utashuka?"

"Wiki ijayo."

Nimemwonyesha namna ya kulikabili Koo: kiti kati ya mapaja, mikono laini, macho mbali, si kwenye gurudumu. Breki za woga ndizo zinazoangusha watu pale. "Ukiamua, amua," nilimwambia. Akaniuliza kama nilimwambia hivyo mdogo wake siku ya harusi.

Jumanne, 8 Aprili

Nimesaga lenzi za mwalimu mmoja mstaafu. Alipozivaa akatazama mti wa nje akasema, "Kumbe una majani." Nilimsimulia wifi. Alinisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo si kawaida yake.

Jumapili, 13 Aprili

Mvua imenyesha siku tano mfululizo. Hatukupanda. Nilijikuta nimekaa sebuleni nikimtazama akishona, na saa ikapita. Cherehani ina mdundo ukiizoea. Inapanda, inapumzika, inapanda.

Jumapili, 20 Aprili

Ngazi ni tope tupu, lakini tumeshinda. Mgongo una madimbwi. Koo limeanza kuchimbika pembeni, mfereji mwembamba upande wa kushoto. Bado linapitika.

"Leo utashuka?"

Alisimama juu kwa muda mrefu kuliko siku zote. Mguu mmoja ulikuwa kwenye pedali. Halafu akasema, "Wiki ijayo, wallahi."

Usiku mume wangu ameniambia dada yake amepata chumba, ila kiko mbali na mlima. Nikamwambia hapana haraka. Alinitazama kama nimezungumza lugha nyingine.

Jumatano, 23 Aprili

Mvua.

Jumatatu, 28 Aprili

Jana sikuandika. Naandika leo, mchana, kazini, kwa kuwa asubuhi nimevunja lenzi mbili na bosi amenikataza kugusa mashine.

Jana tulipanda kama kawaida. Mvua ilikuwa nyepesi lakini majani ya misonobari yalikuwa yanadondosha maji kwa kelele, hata kuongea ilibidi tupaze sauti. Juu ya Koo sikumuuliza chochote. Nilikuwa nimeuliza vya kutosha, na alikuwa ameshaapa. Nilimwambia tu, "Natangulia." Nikaingia.

Nusu ya kwanza ilikuwa nzuri. Nilipokata kona nikaona njia haipo. Maji yalikuwa yameupanua ule mfereji wa kushoto mpaka katikati, ukingo mzima umeanguka, na mahali pa kupita palikuwa shimo lenye mawe na mizizi ikining'inia. Nilijitupa kulia, nikaburuzika kwenye udongo, baiskeli ikabaki inazunguka magurudumu. Sikuumia.

Wazo langu la kwanza lilikuwa wifi. Nataka hilo liandikwe hapa, hata kama hakuna atakayelisoma. Nilipanda ukingo kwa mikono na magoti mpaka nikaweza kuuona mlango wa Koo juu. Alikuwa pale, ameketi juu ya baiskeli, mguu mmoja chini, anatazama.

Nikapiga kelele, "Shuka! Shuka! Wifi, shuka!"

Alinyanyua mkono kama mtu anayeitikia salamu. Akaweka mguu kwenye pedali. Akaja.

Alishuka vizuri sana. Kiti kati ya mapaja, mikono laini, macho mbali. Hakugusa breki ya woga hata moja, kama nilivyomfundisha. Nilikuwa bado napiga kelele neno lilelile, na kila nilipolipiga alizidi kuja. Alipokata kona uso wake ulikuwa umechangamka. Alikuwa anacheka peke yake.

Halafu akaingia shimoni.

Mkono wa kushoto ulikuwa umevunjika juu kidogo ya kifundo. Hata mimi niliona. Kidevu kilichanika. Nilimfunga mkono kwa mtandio wangu na kijiti cha msonobari, tukaacha baiskeli, tukatembea mpaka barabarani. Hakulia. Dereva wa teksi alitandaza gazeti kwenye kiti kabla hajatukubali. Ndani ya gari wifi alizungumza mara moja tu, akiwa anatazama dirishani.

"Uliniambia nishuke."

Nikasema, "Nilikwambia ushuke baiskeli."

Dereva akatutazama kwenye kioo.

Jumanne, 29 Aprili

Wamemfunga plasta mpaka kwenye kiwiko. Wiki sita. Kidevu nyuzi nne. Daktari amesema vidole vitarudi kama zamani akivumilia. Mshonaji bila mkono wa kushoto hana wa kuongoza kitambaa.

Jumamosi, 3 Mei

Mama mkwe amekuja. Ameketi sebuleni chini ya picha yake mwenyewe, sisi watatu mbele yake.

"Mwanangu," akaniambia, "siku ile ulimwambiaje mwenzio?"

"Nilimwambia ashuke, mama."

"Naye akashuka."

"Ndiyo, mama, lakini sivyo. Mimi nilitaka ashuke."

"Sasa si ndivyo ninavyosema? Ulitaka ashuke, ukamwambia ashuke, akashuka. Tunabishana nini?"

Mume wangu akakohoa. "Mama, alikuwa na maana ashuke kwenye baiskeli."

"Kwani alishuka na nini? Si na baiskeli?"

Nilianza kueleza habari za Ngazi na Koo, na gia tatu za Kimya. Kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyosikika mwongo. Mtu mwenye haki haelezi sana. Mama mkwe alikoroga chai isiyo na sukari, akasema, "Nilisikia pia kuna mtu alikuwa anauliza mgeni anaondoka lini." Hakumtazama yeyote. Mume wangu akaangalia sakafu. Si yeye aliyesema, najua. Ukuta ulisikia.

Ndipo wifi akazungumza. "Mama, yameisha. Mimi nimeshamsamehe."

Mama mkwe akashusha pumzi, mume wangu naye vilevile, wakaanza kuongea habari za nauli. Nilibaki na msamaha wangu mkononi, sijui pa kuuweka. Amenisamehe kosa ambalo sikulifanya, na ili anisamehe ni lazima kwanza aamini nililifanya. Nimeumia kuliko kama angenitukana.

Jumapili, 4 Mei

Sikupanda. Mume wangu ametangaza sheria ya nyumba: kuanzia leo mlima unateremkwa, na baiskeli inaachwa. Lile neno marufuku. Hata mashuka ya wateja ameyaita "yale ya kitandani". Hakuna aliyecheka.

Jumatano, 7 Mei

Mwenye nyumba ya wageni ametuma mtu kuuliza oda yake. Wifi amesema itakuwa tayari. Niliwaza atashona na nini.

Alhamisi, 8 Mei

Nilipotoka kazini nilimkuta amekaa kwenye cherehani, mguu kwenye ubao, mkono wa kulia kwenye gurudumu, anatazama kitambaa bila kukigusa. Nilivuta stuli nikakaa kushoto kwake. Nikashika kitambaa. Kazi yangu ni kuongoza kioo kwenye jiwe la kusagia bila kutetemeka. Kitambaa hakiwezi kunishinda. Hakusema asante wala ondoka. Akakanyaga.

Mshono wa kwanza umekwenda kama nyoka. Akaufumua kwa meno.

Jumatatu, 12 Mei

Mashuka. Yeye anakanyaga, mimi naongoza. Maneno yake ni mawili: "Kaza" na "Legeza". Mvua paani. Mume wangu anapita kwa vidole vya miguu.

Jumamosi, 17 Mei

Nimekwenda kwa Kimya kuchukua baiskeli. Yeye ndiye aliyezifuata mlimani. Ya wifi ameinyoosha uma wa mbele. Habari ameshazisikia, na kwa kuwa ni yeye, mtaa mzima umeshazisikia.

"Dada, kosa ni langu," akasema. "Wewe nilikupa somo la gia tatu. Wifi yako alipokuja kuchukua ya kwake, nilimweleza habari ya mnyororo, ya tairi, ya binamu yangu na ya yule mbuzi, gia ya tatu nikaisahau. Kwa hiyo kushuka amejifunzia kwako."

Nimewaza hilo njia nzima. Kwenye Ngazi nilimfundisha neno kwa maana moja, na kwenye Koo, Jumapili baada ya Jumapili, kwa maana nyingine. Leo utashuka? Leo utashuka? Kisha siku aliyoshuka nikashangaa.

Jumanne, 20 Mei

Shuka la mwisho. Tulipokuwa tunakunja, kila mtu ameshika ncha zake, tukisogeleana na kurudi nyuma, akauliza.

"Ulitaka niondoke hapa?"

"Mwezi wa tatu, ndiyo."

"Na siku ile?"

"Siku ile hapana."

Tukasogeleana. Nikampa ncha zangu.

"Wifi," akasema, "mtu amesimama juu ya mlima. Umemwambia lile neno. Yeye aelewe nini?"

"Nilichanganyikiwa. Ulimi hauna mfupa."

"Nimeshakusamehe, wifi. Usijisumbue."

Akalipiga shuka kofi la kulinyoosha, akaliweka juu ya mengine.

Jumapili, 25 Mei

Jua kidogo. Nimepanda peke yangu. Ngazi imekauka upande mmoja. Koo sikuingia, nilisimama juu, nikazunguka kwa njia ya walinzi. Nilirudi nyumbani na sikucheka. Zamani nilikuwa napenda mlima kwa sababu hauna watu. Leo ulikuwa hauna watu na ulinichosha.

Jumatatu, 2 Juni

Chumba cha wifi kiko tayari. Anahama Jumamosi ijayo. Mume wangu ameniambia kama mtu anayeniletea zawadi ambayo anajua imechelewa.

Jumanne, 10 Juni

Wamemtoa plasta. Mkono umekuwa mwembamba, rangi ya mtu mwingine. Kuhama kumesogezwa mbele mpaka mwisho wa mwezi, kwa sababu ya mazoezi ya vidole. Daktari amesema baiskeli asahau mpaka mwisho wa mwaka.

Jumapili, 15 Juni

Asubuhi wifi alitoka na kikombe chake cha chai, akasimama juu yangu kama ile siku ya kwanza.

"Nataka kuliona lile Koo kabla sijaondoka. Nitatembea. Wewe endesha."

Tulipanda polepole, mimi nikisukuma sehemu kubwa ili tuwe pamoja. Hakuna mvua tangu Alhamisi. Tuliongea habari za chumba chake, kwamba dirisha linaangalia ukuta, na kwamba mpangaji wa jirani anapiga miayo kwa sauti. Juu ya Koo tukasimama. Walinzi wa mnara wamelikarabati: ukingo umejazwa mawe, shimo halipo. Kutoka juu lilionekana zuri kuliko lilivyowahi kuwa.

"Natangulia mimi," akasema wifi. "Nikasimame pale kwenye kona nikuangalie. Nataka kuona lingekuwaje siku ile, kama lingekuwa zima."

Akateremka kwa miguu, mkono wake mwembamba ameubana kifuani, akitafuta pa kukanyaga. Nikamwona amefika kwenye kona. Akachungulia ng'ambo. Mimi nilikuwa juu ya baiskeli, mguu mmoja chini.

Akageuka ghafla, akanyanyua mkono mzima, akapiga kelele kwa ile sauti yake ya ng'ambo ya mto.

"Shuka! Wifi, shuka! Shuka!"

Ninaandika kwa uaminifu. Nilikuwa na nafasi ya kujiuliza. Neno lile lilikuwa marufuku nyumbani kwetu, na mimi kati ya watu wote duniani ndiye niliyepaswa kulipima. Sikulipima. Nilikuwa nimekaa juu ya mteremko mzuri, miguu yangu ilishaamua, na sikio likachukua maana ambayo miguu ilikuwa inaitaka. Nilidhani ananitia moyo. Nilifurahi kwamba ananitia moyo. Nikaweka mguu kwenye pedali, nikaachia breki.

Nilimwona wifi akirukaruka, akipunga mkono, kinywa wazi, na nikawaza, tazama anavyoshangilia. Nikampita. Nikakata kona.

Walinzi walipomaliza kujaza mawe walichimba mtaro wa kupitishia maji, umekatiza njia yote, na mtaro umejaa tope la rangi ya chai. Gurudumu la mbele liliingia, likabaki. Mimi niliendelea. Nilitua kwa tumbo, nikateleza, nikasimama nikiwa nimezama mpaka kiunoni, mdomo umejaa udongo, miwani yangu niliyoisaga mwenyewe imepotea. Sikuvunjika popote. Nilikuwa nahesabu viungo vyangu nikasikia wifi anakuja mbio, anateleza, anaita jina la Mungu.

Akasimama ukingoni. Sikumwona vizuri, alikuwa ukungu wenye kanga.

"Si nimekwambia ushuke!" akalia. "Nimekwambia, nimekwambia, kwa nini hukushuka?"

Nikatema tope. "Nimeshuka."

"Nilisema ushu..."

Maji yalikuwa yanadondoka kutoka kwenye nywele zangu. Nilimsikia akivuta pumzi na kuibana. Halafu akakaa chini palepale ukingoni, kwenye tope, na nguo yake aliyoishona mwenyewe. Aliposema, hakupaza sauti. Sikujua hata kama anayo sauti ya namna hiyo.

"Wifi. Mimi sikutaka uanguke."

"Najua."

"Lilinitoka tu. Nilipoona ule mtaro, ndilo lililotoka."

"Najua."

"Basi hata wewe," akasema, na hakuwa anauliza, "hukutaka."

Nilikuwa nalia, na mtu aliyejaa tope usoni akilia anakuwa kituko. Aliingia mtaroni na viatu. Akapapasa tope kwa mkono ule mwembamba, vidole vyote vitano, mpaka akaipata miwani. Akaifuta kwa upindo wa kanga, akanivisha. Kioo kimoja kina mkwaruzo. Sitakibadilisha.

Tulirudi nyumbani tunasukuma baiskeli moja, mimi usukani, yeye kiti. Tulicheka tangu Koo mpaka barabarani, na watu walitupisha njia. Alisema chumba chenyewe kile, mtu anapiga miayo usiku kucha, nani anakihitaji. Nikasema hapana haraka. Akasema alinisikia mara ya kwanza nilipoanza kusema hapana haraka, kuta za nyumba ile ni nyembamba kuliko ninavyodhani.

Mume wangu alikuwa mlangoni. Alitutazama kuanzia viatu, akapanda polepole mpaka vichwani, akaona wote wawili tuko wazima. Kwa furaha akasahau sheria yake mwenyewe.

"Haya," akasema, "mmeshuka salama?"

Wifi alinitazama, nami nikamtazama, tukasema kwa pamoja:

"Kushuka gani?"